Pakiti Ishirini na Tatu

"Usinibetulie mdomo, Mur! Mimi ndiye niliyekuuzia. Jumatano, saa kumi jioni, mkono huu huu ulikupa pakiti ya pedi, nikakuzungushia na gazeti kama kawaida yako, wewe mwenye aibu zako. Alhamisi alfajiri nakukuta kwenye wali wangu!"

"Yu Jum, taratibu. Watu wanasikia."

"Wasikie! Nimewafungia watu mia mbili na hamsini chakula cha baraka, wamefika makwao, wamefungua, wali unanuka kama soksi ya dereva wa lori. Kuku ndio waliokula shughuli ya mwanangu, Mur. Kuku! Sasa unataka watu wasisikie nini tena?"

Jumirah, ambaye kijijini huitwa Yu Jum, yaani Dada Jum, alikuwa amesimama katikati ya uwanja wa Murwati na gauni lake la nyumbani, kandambili moja mguuni, nyingine imechomoka njiani bila yeye kujua. Jana yake mwanawe mdogo alikuwa ametahiriwa. Shughuli ilifana: viti vya kukodi, spika kubwa kama kabati, mbuzi wawili. Kilichoharibika ni wali tu. Lakini katika vijiji hivi vya Java wali ukiharibika hakuna anayekumbuka mbuzi.

Na sababu ya wali kuchacha ilijulikana na kila mtu hata kabla haijatafutwa. Wali wa shughuli haukaribiwi na mwanamke aliye mwezini. Mpishi wake huwa mama mzee ambaye siku zake zimekoma, na wanaomsaidia kuinua mapakacha ya wali wawe safi. Hapo kijijini mpishi alikuwa Mbah, yaani Bibi, Kasinem, miaka thelathini sasa, na msaidizi wake wa miaka yote alikuwa Murwati, kwa sababu ana mikono yenye nguvu na hana domo.

Majirani walikuwa wameshajipanga kwenye ua wa mihibiskasi, wengine na watoto mgongoni, mmoja na mswaki mdomoni. Bu Warsini, yaani Mama Warsini, mwenye nyumba ya vigae vya kijani, alikuwa akipita na kikapu chake cha sokoni. Akaona hawezi kupita hivi hivi, maana yeye mwenyewe alikuwa anaoza binti Jumamosi ya wiki inayofuata.

"Mur," alisema kwa upole, "ulikuwa mwezini au hukuwa? Sema tu, yaishe."

"Sikuwa, Bu."

"Basi pedi zilikuwa za nini?" Jumirah aliwageukia watu wa uani, mikono kiunoni. "Jamani, nisaidieni. Za nini? Za kuziba bati linalovuja?"

Walicheka. Hata yule wa mswaki alicheka, povu likamdondokea kifuani. Murwati alifungua mdomo. Jibu alikuwa nalo, lilikuwa limekaa nyuma ya meno tangu Jumirah aingie uwanjani, jibu fupi tu. Akafunga mdomo.

"Mnaona?" Jumirah alisema.

Bu Warsini alihamisha kikapu kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, akamtazama Murwati kidogo, akaenda zake. Kule kumtazama kulimuuma Murwati kuliko maneno yote ya Jumirah.

*

Chumbani, nyuma ya shuka alizopewa siku ya harusi yake, mlikuwa na pakiti ishirini na mbili. Ya ishirini na tatu ilikuwa bado imo ndani ya gazeti lake. Murwati aliipachika juu ya wenzake, akaegemea mlango wa kabati mpaka ukafunga.

Alikuwa na miaka thelathini na tisa. Damu yake ilikata akiwa na thelathini na saba. Mwezi wa kwanza alifurahi, akajinunulia maziwa, akaanza kutembea polepole. Mwezi wa tatu alikwenda zahanati peke yake. Mkunga alimpima, akampima tena, akavua miwani. Kuna wanawake huwatokea mapema, alisema. Hakuna aliyekosea.

Mwezi uliofuata, tarehe ile ile aliyoizoea, Murwati alikwenda dukani kwa Jumirah akaomba pakiti ya pedi. Hakuwa amepanga. Miguu ilimpeleka tu. Lakini Jumirah alipomwambia, "Pole, Mur, basi mwezi ujao," alihisi kama amepewa mahali pa kukaa. Mwanamke anayenunua pedi bado yumo. Watu wakimuuliza, "Mmeshapata?" anajibu, "Bado," na bado ni neno zuri, lina mlango. Akiambiwa siku zake zimekoma, mlango umefungwa, na wifi yake tayari alikuwa ameshamtajia Giyarto, mumewe, mjane mmoja wa kijiji cha pili, mwenye watoto wawili na mashine ya kusaga.

Basi akajitungia miezi yake mwenyewe. Siku sita kila mwezi alianika vitambaa vilivyolowa maji tu. Siku sita hakwenda msikitini. Shughuli ikiangukia siku hizo, alimwambia Mbah Kasinem kwamba hawezi, akabaki nyumbani akisikia wenzake wanacheka.

Juzi ndipo alipokosea. Pedi alinunua Jumatano kwa kuwa tarehe ilifika. Usiku Mbah Kasinem akatuma mtu: msaidizi mwingine anaumwa mgongo, njoo. Akaenda. Alijua ni safi, akasahau kwamba ni yeye peke yake anayejua.

*

Kuanzia Jumatano iliyofuata, nyumba ya Bu Warsini ilianza kuvuta watu. Kijijini mtu hahitaji kadi ya kwenda kusaidia jikoni. Mwenye shughuli anapita mwenyewe au anatuma binti, anasema, "Mama anaomba nguvu zako," na mwenye kuombwa anachukua kisu chake na ubao wake anakwenda. Huko kuna kukuna nazi, kukaanga tempe za soya, kuchambua pilipili, na juu ya yote kuna maneno: nani kampigia nani simu, mkwe wa nani ananyima chumvi. Siku tatu za jikoni zina habari kuliko mwaka mzima wa redio. Kutoombwa nguvu ni kuambiwa kwamba hupo.

Binti mdogo wa Bu Warsini alipita nyumba ya kushoto. Akapita nyumba ya kulia. Mbele ya mlango wa Murwati aliinama kama anafunga kiatu, naye alikuwa na kandambili.

Murwati alikaa kwenye baraza ya nyuma. Kutoka pale alisikia yote: mikuno ya nazi, kinu, kisha kicheko kimoja kikubwa kilichoanza na mtu mmoja kikashika jiko zima. Alijikuta anatabasamu na wao, halafu akakumbuka kwamba hajui kilichochekwa. Akaleta kilo ya vitunguu vidogo, akavimenya vyote, akavikata vyembamba kama vya kukaangia shughuli. Alipomaliza hakujua avifanye nini. Akavimwaga kwenye bakuli, akalifunika, akakaa nalo.

Jioni akachukua uji wa mchele na kichupa cha mafuta, akaenda kwa Mbah Kasinem. Kikongwe alikuwa ameteleza kisimani Jumanne, na mguu ulikuwa umevimba mpaka kwenye goti.

"Mguu vipi, Mbah?"

"Upo. Ni wangu, utakwenda wapi. Kaa. Usikae mbali kama mgeni wa serikali."

Murwati alisogea akaanza kuukanda mguu. Mbah Kasinem alikunywa uji vijiko vitatu, akauweka chini.

"Warsini ametuma watu mara mbili. Anataka nibebwe kwenye kiti, niingizwe jikoni kama bibi harusi. Nimemwambia sibebwi, nitamtajia mtu."

"Nani, Mbah? Mbah Rubinah yuko Jakarta kwa wajukuu. Yule wa darajani haoni."

"Wewe."

Mikono ya Murwati ilisimama.

"Kanda, Nduk, mwanangu, usisimame, nitashikwa na baridi. Ramadhani iliyopita hukuonekana msikitini siku sita. Watu wakasema, aa, Mur yuko mwezini. Siku ya tano ukaja hapa saa tisa alasiri kunikanda mgongo. Midomo imekupasuka kama shamba la mwezi wa nane. Nikakupa maji, maana mwanamke aliye mwezini hafungi. Ukatoka nayo nyuma, ukayamwaga kwenye shina la mgomba. Nilikuona kwenye upenyo wa ukuta." Akakohoa, au alikuwa anacheka. "Wengine huku wanakula kwa kujificha. Wewe unafunga kwa kujificha. Nilisema moyoni, huyu mtoto atakuja kufa kwa kazi aliyojipa."

Murwati aliendelea kukanda. Machozi yalimdondokea mkononi, yakachanganyika na mafuta.

"Umeigiza tangu lini?"

"Mwezi wa ishirini na tatu huu."

"Mumeo?"

"Hajui."

"Mimi zilikoma nikiwa na arobaini na mbili. Nililia, si uongo. Nililia mwaka mzima, na nilikuwa na watoto sita wananipigia kelele. Wewe lia zaidi yangu, una haki. Lakini usilie huku unanunua pedi. Hiyo ni kumtajirisha Jumirah bure."

Murwati alicheka, kicheko kikatoka kibaya, kupitia puani.

"Na wali wake, Mbah? Wewe ulikuwepo."

"Yale makopo ya plastiki. Si uliona? Alikataa vikapu vya mianzi, akasema vya kizamani. Wali unatoka kwenye moto, unaingizwa kopo, pa, kifuniko. Ulikuwa unatokwa jasho humo ndani tangu asubuhi. Nilimwambia. Akasema, Mbah, haya ni ya kisasa." Aliuvuta mguu wake taratibu. "Watu wanadhani mkono wa kizee una dawa. Una nini! Kizee hana pa kukimbilia tu, ndiyo maana anakaa anaupepea wali mpaka upoe."

"Kwa nini hukunitetea?"

"Ningesema nini? Kwamba hukuwa mwezini? Nimejuaje? Ningelazimika kulisema la kwako mbele ya mwenye mswaki. Si langu kulisema, Nduk. Nimemwambia Warsini kwamba nina mtu, atakuja mwenyewe kesho kutwa asubuhi. Usipokwenda, harusi ya yule mtoto itapikwa wali na mtu wa kukodi kutoka mjini, na mimi nitajua kwamba nilihesabu vibaya. Basi. Nipe huo uji, umeshapoa."

*

Giyarto alirudi Alhamisi alasiri. Alikuwa seremala katika karakana ya makabati mjini, hurudi mwisho wa wiki, na safari hii alikuwa ameomba ruhusa mapema kwa ajili ya harusi. Alioga, akavaa sarong, akakaa mezani. Mbele yake palikuwa na bakuli la chipukizi za choroko mbichi, kama kila siku anapokuwa nyumbani. Dada yake alimwambia zinaongeza nguvu za uzazi. Alikuwa anazila bila chumvi, anatafuna na kutafuna, macho yako ukutani.

"Mas," Murwati alimwita mumewe, "acha hizo."

"Zimeoza?"

"Hazina kazi tena."

Alimweleza akiwa amesimama, kitambaa cha jikoni mkononi. Hakupamba. Alitaja zahanati, mkunga, miwani. Alitaja miezi. Alipofika kwenye kabati, alikwenda akalifungua, akaondoa shuka, akaacha mlango wazi ili aone mwenyewe.

Giyarto alizitazama pakiti muda mrefu. Kisha akalitazama bakuli.

"Miaka miwili nakula majani, Mur."

"Najua."

"Karakana nzima inaniita mbuzi. Nikifungua kopo langu mchana wanalia mee. Mimi nacheka nao. Nasema moyoni, acha wacheke, mke wangu naye anateseka na dawa zake kule." Sauti yake haikupanda. "Na wewe ulikuwa unanioshea hizi chipukizi kila asubuhi. Unanipangia kwenye kopo."

"Niliogopa."

"Nini?"

"Yule mjane."

"Mjane gani?"

"Wa mashine ya kusaga."

Alimngojea aseme jambo hapo. Kulikuwa na nafasi ya kutosha ya neno moja, hata tusi, hata kicheko. Giyarto aliinuka na bakuli, akatoka, akawamwagia bata. Akakaa kwenye kizingiti cha nyuma, mgongo kwa nyumba, mpaka adhana ya magharibi, akaenda msikitini na hakurudi kwa chakula. Aliporudi alitandika mkeka sebuleni. Hakusema atamwacha. Hakusema hatamwacha. Murwati alilala upande wake wa kitanda kama vile upande wa pili una mtu.

*

Asubuhi ya Ijumaa alijitazama kwenye kioo kidogo cha jikoni. Hakujiona tofauti. Alifunga nywele, akavaa blauzi safi, akazipakia pakiti zote kwenye gunia la mchele. Hazikuwa nzito, ndilo lililomshangaza. Alidhani zitakuwa nzito.

Kwenda jikoni kwa mtu bila kuombwa nguvu ni jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya kijijini. Alipoingia ua wa nyuma wa Bu Warsini, wanawake thelathini na zaidi walikuwa chini ya turubai, na sauti zao zilikatika kuanzia karibu kwenda mbali, kama mtu anayezima taa moja moja. Mwisho kabisa kulisikika kisu cha mtu mmoja ambaye hajaona. Halafu nacho kikanyamaza.

"Heh," Jumirah alisema kutoka kwenye karai la tempe. "Huyu kaja kuchachisha na wa hapa."

"Yu Jum, ngoja," Bu Warsini alisema. Alimtazama Murwati, akatazama mlangoni nyuma yake, kama anamtafuta mtu mwingine. "Mur. Tunamngoja mpishi. Mbah Kasinem amesema ana mtu anakuja."

"Ndiye mimi, Bu."

"Wewe? Lakini mpishi lazima awe…"

"Awe amekoma. Nimekoma. Nimewaficha, mwezi wa ishirini na tatu huu."

Hakuna aliyecheka. Mahali fulani mafuta yalipasuka kaangoni. Murwati aliona kwamba miguu bado imemshika, kwa hiyo akaendelea.

"Shughuli ya Yu Jum nilikuwa safi. Ni safi kila siku. Mkiniuliza kama tumeshapata mtoto, nilikuwa nasema bado. Si bado tena. Imekwisha. Msiniulize tena."

"Na pedi?" Jumirah aliuliza, ila sauti yake sasa ilikuwa ya mtu anayeuliza kweli.

Murwati alilipindua gunia. Pakiti zilianguka kwenye sakafu ya saruji, moja juu ya nyingine, nyingine zikateleza mpaka chini ya meza ya nazi, zote na bei za dukani zimeandikwa kwa mwandiko wa Jumirah mwenyewe. Zile za zamani zilikuwa zimeanza kugeuka manjano.

"Hizo. Hakuna iliyofunguliwa."

Msichana mmoja alijiziba mdomo. Mwanamke aliyekuwa akikuna nazi, mama wa watoto watano, alianza kulia bila sauti na hakuacha kukuna. Wengine walitazama visu vyao. Kilichokuwa kwenye nyuso zao ni huruma, na Murwati aliiona ikimjia kama mvua unayoiona ng'ambo ya mashamba. Ndiyo aliyoikimbia miezi yote hiyo. Ilipomfikia ilikuwa baridi, naye akasimama ndani yake, na haikumwangusha.

"Mchele uko wapi, Bu?" aliuliza. "Jua linapanda."

Bu Warsini alitoa ufunguo wa chumba cha mchele kwenye fundo la nguo yake. Ulikuwa na joto la mwili wake. Akampa kwa mikono miwili, kama anavyopewa mtu mzima.

*

Chumba cha mchele haingii mtu mwingine shughuli inapoanza. Mpishi hapigi soga, maana wali unasikilizwa. Anakaa kwenye kigoda mbele ya sufuria ndefu za shaba, anasikiliza mvuke, anajua pakacha lipi limeiva kwa harufu, analiinua, anaumwaga wali kwenye jamvi, anaugeuza kwa mwiko na kuupepea mpaka mkono ukaribie kukatika. Halafu pakacha jingine. Wasichana walimletea maji na kuni, wakaviweka mlangoni, wakarudi nyuma haraka. Alisikia mmoja ananong'ona, "Masikini, bado kijana." Alisikia na jiko likirudia kicheko chake polepole, bila yeye.

Alikuwa amekizoea kigoda kile kwa pembeni, kama msaidizi. Kukikalia ni jambo jingine. Kilikuwa kimechimbika katikati kwa miaka thelathini ya Mbah Kasinem, na mwanzoni kilimuumiza. Mchana wa Ijumaa aliona kimeacha kumuumiza. Hakujua ni saa ngapi kiliacha. Alijua tu kwamba tangu asubuhi hakuhesabu tarehe yoyote, na kwamba mwili uliokuwa unainua mapakacha haya, mabega haya, kiuno hiki, ni ule ule alioufanyia maigizo miezi ishirini na mitatu, na ulikuwa unafanya kazi vizuri sana.

Jumamosi wageni walianza kumiminika saa tatu. Vijana walikuja na makopo ya chakula cha baraka, mlima mzima wa plastiki inayong'aa. Bu Warsini naye alikuwa amenunua, baada ya kuyaona kwa Jumirah.

"Hakuna kifuniko," Murwati alisema kutoka mlangoni. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake kusikika. "Pangeni wazi. Nikisema funika, ndipo mfunike."

"Yu Mur, nzi…"

"Fukuzeni nzi. Wali wa moto ukifungwa ndani ya plastiki unatoka jasho, na ukitoka jasho unachacha, aupike nani aupike."

Jumirah alikuwa pale, trei ya tempe mikononi. Hakuna aliyemtazama, kwa kuwa hakuna aliyeunganisha hilo na wali wake uliochacha. Yeye aliunganisha. Trei ilimwelemea upande, kipande kimoja cha tempe kikaanguka, akakiacha. Murwati aliona anaelewa. Angeweza kusema neno moja tu pale, watu thelathini wakageuka. Aliugeuza wali kwenye jamvi.

Kupitia tundu la ukuta alimwona Giyarto kwenye viti vya wanaume, batiki yake imepigwa pasi vibaya, kajipigia mwenyewe. Alipewa sahani. Akala ameinama. Sahani ilipoisha aliinuka, akaenda mwenyewe kwenye meza, na badala ya mchuzi au nyama akachota wali. Akarudi akaula mtupu, taratibu, mpaka punje ya mwisho.

Jua lilipozama mpishi akala, wa mwisho kama ilivyo desturi, peke yake, kwenye kigoda.

*

Jumapili aliamka nyumba iko kimya. Mkeka wa sebuleni ulikuwa umekunjwa. Pikipiki haikuwepo uwanjani, akadhani ameondoka bila kuaga, mpaka alipoingia jikoni. Kopo la chakula la Giyarto lilikuwa mezani, limeoshwa, kifuniko kimewekwa kando. Tupu. Hakuna ujumbe. Giyarto hakuwa mtu wa kuandika.

Alikuwa amekwenda kujaza mafuta tu. Aliporudi hakuzima injini. Murwati alikuwa ameshalipanga kopo: wali alioletewa na Bu Warsini, samaki mkavu, vitunguu vyake vya Jumatano alivyovikaanga. Wali aliupasha moto, akausubiri upoe kabla ya kufunga, na Giyarto akangoja juu ya pikipiki, miguu chini, anatazama barabara. Akalipokea. Akaligeuza, akanusa upenyo wa kifuniko.

"Hamna majani?"

"Hamna."

"Mm," alisema. Akaondoka. Moshi wa pikipiki ulikaa uwanjani baada yake, na Murwati akakaa nao. Hakujua wiki ijayo atarudi na mkeka au bila mkeka. Alirudi ndani, akajipakulia sahani moja, akaketi.

Kabla hajatia tonge mdomoni, kandambili zilisikika kwenye changarawe, zikasimama. Zikaenda mbele hatua mbili. Zikasimama tena.

Jumirah alikuwa uwanjani, pale pale alipokuwa amesimama siku ile ya ugomvi, safari hii viatu vyote viwili miguuni. Mkononi alikuwa na gunia la mchele, tupu, limekunjwa vizuri.

"Nimekuletea gunia lako," alisema. "Uliliacha kwa Bu Warsini."

"Asante, Yu."

"Zile pakiti wasichana wamegawana. Nimeona nikwambie, usije ukadhani nimezirudisha dukani." Alilihamisha gunia mkono huu na huu. "Wali wa jana, wangu wa nyumbani, nimeufungua asubuhi. Haujachacha."

"Hautachacha."

"Mur…" Alitazama ua wa mihibiskasi. Hapakuwa na mtu. Jumapili hii kila mtu alikuwa anaulala uchovu wa harusi. Mdomo ule uliouza maneno dukani miaka ishirini ulifunguka, ukafungwa, ukafunguka. Murwati aliujua mdomo wa namna hiyo. Alikuwa amekaa nao muda mrefu.

Hakumngojea amalize. Alisogeza kiti cha pili, akachukua sahani nyingine, akaipangusa kwa upindo wa blauzi yake.

"Ingia, Yu Jum," alisema. "Vua viatu, njoo ule."